Mwache Asome, Wewe Sikiliza



Leo nazungumza na wewe uliye na mtoto wa darasa la kwanza, la pili, la tatu au hata la nne. Si lazima uwe mama au baba yake. Waweza kuwa bibi yake, kaka yake mkubwa, au dada wa kazi ambaye ndiye hushinda na mtoto mchana kutwa. Ninalotaka kulisema ni moja, na nalisema mapema ili hata ukiitwa nje uwe umeshalipata: mtoto anayejifunza kusoma anahitaji mtu wa kumsikiliza. Wa kumfundisha yupo, ni mwalimu. Wa kumsikiliza, shuleni ni shida kumpata.

Tupige hesabu ndogo. Darasa lina watoto 80, na wengi mnaonisikiliza mnajua madarasa yenye watoto zaidi ya hao. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30. Mwalimu akiamua kipindi chote kiwe cha kumsikiliza mtoto mmoja mmoja, asiandike ubaoni, asiite majina, asimtulize yeyote, kila mtoto atapata sekunde 22. Katika sekunde 22 mtoto anayeanza hajamaliza sentensi mbili. Kwa hiyo watoto husoma kwa pamoja, mwalimu akitangulia na darasa likiitikia, na katika sauti ile kubwa asiyejua anaweza kujificha mwaka mzima. Midomo inakwenda, macho yako dirishani. Simlaumu mwalimu hata kidogo. Nasema kwamba kazi ya kusikiliza imebaki nyumbani, na nyumbani wengi wetu hatujaambiwa kwamba ni yetu.

Kuanzia mwaka 2010 wapimaji wa mpango uitwao Uwezo walipita nyumba kwa nyumba hapa Tanzania, kama walivyofanya Kenya na Uganda, wakiwaomba watoto wasome hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Waliwakuta watoto wengi wa darasa la tatu hawaiwezi, na wengine wa madarasa ya juu zaidi pia hawaiwezi. Mwaka 2015 Tanzania ilibadili mtaala wa darasa la kwanza na la pili ili KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, iwe ndiyo kazi yenyewe. Hilo lilikuwa jema. Lakini mimi nakumbuka zaidi jinsi kipimo kile kilivyofanyika. Mgeni alikaa na mtoto nyumbani kwao, akampa karatasi, akamsikiliza dakika chache, akajua amefika wapi. Kama mgeni ameweza, wewe unayekula naye sahani moja utashindwaje?

Sasa, kuna jambo linalotudanganya sisi wenye Kiswahili. Lugha yetu inasomeka kwa urahisi. Irabu ni 5, na kila moja ina sauti ile ile popote utakapoikuta. Mtoto akishashika ba, be, bi, bo, bu, kisha akazimaliza na zile ngumu kidogo, mba, nya, gha, kwa, ng'a, anaweza kutamka neno lolote hata kama hajawahi kulisikia. Mpe ukurasa wa gazeti wenye habari za bajeti, atakusomea. Mzazi akisikia hivyo anafurahi, anasema mwanangu ameshajua, anarudi kwenye shughuli zake. Muulize basi: umesoma nini? Atakutazama tu.

Chukua neno hili: hatukumwambia. Ni neno moja lenye silabi 6: ha, tu, ku, mwa, mbi, a. Ndani yake tumo sisi, yumo yeye, limo tendo, na kuna kukana kwamba tendo lilifanyika. Huko kukana kunaanza mwanzoni kabisa, kwenye ha. Mtoto anayekwenda silabi moja moja, akipumua katikati na kufuta jasho, akifika kwenye mbi ile ha imeshampotea. Ametamka kila silabi sawasawa, na bado ameelewa kwamba mtu yule aliambiwa. Hadithi yote inageuka. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja, na neno la namna hiyo haliwezi kueleweka kwa vipande. Lazima mtoto afike mahali alione lote kwa mara moja, alitamke kwa mwendo ule ule anaoongea nao na wenzake uwanjani.

Atafikaje huko? Kwa kurudia. Nimekaa na watoto wa darasa la pili miaka mingi, na kama ningeruhusiwa kuwaomba wazazi kitu kimoja tu, ningeomba hiki: mwache mtoto arudie ukurasa ule ule. Jana ameusoma, leo ausome tena, kesho ausome tena. Mara ya kwanza anapambana na silabi. Mara ya pili maneno yanaanza kushikamana. Mara ya tatu utamsikia anashusha sauti penye nukta, anauliza penye alama ya kuuliza, anamwigiza fisi kwa sauti ya fisi. Hapo ndipo anasoma. Wazazi wengi hukataa hilo. Husema, huyu amekariri, mpe ukurasa mwingine. Waacheni wakariri! Mtoto anayeurudia ukurasa kwa hiari yake amegundua kwamba anauweza, na utamu wa kuweza ndio utakaomfanya afungue ukurasa unaofuata bila kutumwa.

Nije kwenye kusikiliza kwenyewe, maana kusikiliza nako kuna namna yake.

Mtoto anasoma, amefika kwenye neno, amekwama. Wewe ufanye nini? Nyamaza. Hesabu moyoni polepole mpaka tano. Najua ni vigumu. Mdomo unawasha, neno unalijua, chakula kiko jikoni, na mtoto anakutazama usoni akitafuta jibu huko. Usimpe. Tazama karatasi, si yeye, naye atarudisha macho kwenye karatasi. Mara nyingi, kabla hujafika tano, atalipata mwenyewe, na utaona mabega yanavyoinuka. Ukimpa neno upesi kila anapokwama, anajifunza kwamba maneno yako kwenye uso wa mama na hayako kitabuni, na siku mama hayupo hatasoma.

Akishindwa baada ya hapo, mwambie arudi mwanzo wa sentensi aje nayo tena. Sentensi yenyewe humsaidia. Kama Juma amechukua jembe na anakwenda, neno lile refu huenda ni shambani. Akishindwa tena, ziba sehemu ya neno kwa kidole chako, aone kipande kimoja, kisha umfungulie kingine. Na akishindwa na hapo, mtajie neno kwa sauti ya kawaida na muendelee. Isiwe kesi. Hakuna hadithi inayobaki tamu baada ya robo saa ya ugomvi juu ya neno moja. Kama katika ukurasa mmoja amekwama maneno matano au zaidi, kitabu kile bado ni kigumu kwake. Kiweke kabatini, kitamsubiri. Mpe chepesi, hata kama ni cha darasa alilokwisha kulipita.

Msichana anayejifunza kuchota maji hawezi kujitwika ndoo mwenyewe. Mtu mzima huiinua pamoja naye, humtwika, hukaa karibu naye kwa hatua za kwanza, kisha humwacha aende. Haishiki ndoo mpaka nyumbani. Katika kusoma wengi wetu tunakosea kwa moja kati ya njia mbili: ama hatumtwiki kabisa, tunamwambia soma halafu tunaondoka, ama tunakwenda naye tumeishika ndoo njia nzima, hadi amefika darasa la tano na bado hawezi kufungua kitabu mpaka mtu akae pembeni yake.

Jambo la aibu nalisema bila kuficha, kwa sababu limewaharibu watoto wengi kuliko ukosefu wa vitabu. Mtoto anasoma, kaka yake anacheka. Mtoto anakosea, baba anasema: mbona binti wa jirani, mdogo kuliko wewe, anasoma vizuri? Wageni wamekuja, mtoto anaitwa sebuleni: hebu wasomee wajomba zako. Anatetemeka, anakosea, watu wanacheka kwa upendo tu, lakini yeye hajui kuwa ni upendo. Kesho yake atasema kichwa kinauma. Kesho kutwa kitabu kitapotea. Na fimbo ndiyo mbaya zaidi ya yote. Mtoto aliyechapwa akiwa ameshika kitabu ataviogopa vitabu, na sijui mzazi anayetaka hivyo. Ndani ya nyumba yako weka sheria: mtu akisoma, hachekwi. Sheria hiyo imbane hata kaka.

Na kabla hujamwita mvivu, mwangalie macho na masikio. Anaweka kitabu karibu sana na uso? Ubaoni anakunja jicho? Ukimwita kwa nyuma haitiki? Mpeleke akapimwe. Kuna watoto waliochapwa kwa uvivu na walichokuwa wakihitaji ni miwani.

Je, mtoto wa darasa la nne aliyeachwa nyuma, ambaye hadithi ya darasa la kwanza bado inamtoa jasho? Ukimpa kitabu cha watoto wadogo mbele ya wenzake umemdhalilisha. Lakini ukimwambia, mwanangu, mdogo wako anapenda hadithi, naomba kila jioni uwe unamsomea hii ya sungura, hapo umempa cheo. Atajiandaa. Atausoma ukurasa peke yake mchana ili jioni asiumbuke mbele ya mdogo wake wa miaka minne. Mdogo naye hatamsahihisha, atacheka tu panapochekesha na kusema tena, tena. Nimeona watoto wakiinuka kwa njia hii, wakubwa kwa wadogo, na haikugharimu hata shilingi.

Sasa nikugeukie wewe ambaye umenyamaza muda wote ukisema moyoni, mazungumzo haya hayanihusu, mimi kusoma sijui. Yanakuhusu wewe zaidi. Mwambie mjukuu wako akusomee. Yeye anayo macho ya herufi, wewe unayo masikio ya hadithi. Akisoma kitu kisichoeleweka, utajua kwamba amekosea kwa sababu hakina maana, na utamwambia: hapo sijaelewa, hebu rudia. Hilo ndilo neno bora kuliko yote anayoweza kuambiwa msomaji. Kisha muulize: ikawaje? Kwa nini alifanya vile? Wewe ungekuwa yeye ungefanyaje? Na siku hakuna kitabu, wewe mwenyewe anza: paukwa! Naye aitikie: pakawa! Mtoto aliyelala mara nyingi na hadithi za fisi na sungura anajua jinsi hadithi inavyoanza, inavyopinda na inavyoisha. Akizikuta kitabuni hakuti ugeni. 

Hili la masikio lina nguvu hata kwenye herufi. Katika neno mbuzi, m na b zinatamkwa pamoja. Katika neno mbu, yule anayetuletea malaria, m inasimama peke yake. Kwenye karatasi hakuna alama yoyote ya kumwonyesha mtoto tofauti hiyo. Anayemwonyesha ni sikio lake, kwa sababu mbu na mbuzi amewajua tangu hajaanza shule. Kila neno unalozungumza na mtoto ukiwa shambani, sokoni au ukimwogesha ni neno ambalo siku moja litamrahisishia ukurasa. Zungumza naye. Hata kama nyumbani mnasema Kisukuma au Kihaya, msimulie katika lugha hiyo hiyo kwa wingi wake wote.

Nchi hii imewahi kujifunza kwa namna hiyo hiyo ya kukaa pamoja na kusikilizana. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walijikusanya katika vikundi, vijijini na mijini, wakisikiliza kipindi redioni, kisha wakasoma kijitabu na kujadili juu ya vyoo, maji na mbu. Aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua. Hawakuona haya. Wengine kati ya waliokaa katika vikundi vile ni babu na bibi leo, na ningependa wajukuu wawaulize mambo yalikuwaje.

Vitabu tutavipata wapi? Swali hili huulizwa kila ninapozungumza na wazazi, na halina jibu jepesi, kwa kuwa kitabu kipya cha mtoto kinashindana na unga. Lakini mahali pa kuanzia papo. Maktaba Kuu ya Taifa ipo Dar es Salaam tangu mwaka 1967, na maktaba za mikoa zina vitabu vya watoto ambavyo mara nyingi vinakaa rafuni vikisubiri mkono. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza mwaka 1991 hasa kwa sababu vitabu vya watoto vya Kiswahili vilikuwa adimu, na vitabu vilivyotokana nao vimefika katika shule nyingi. Muulize mwalimu kama shule ina vitabu vya kuazima, na kama vimefungiwa ofisini, ninyi wa kamati ya shule ombeni vifunguliwe. Mwenye simu ya intaneti atafute African Storybook, kuna hadithi nyingi za Kiswahili zenye picha, bila malipo, na unaruhusiwa kuzichapisha kwenye karatasi.

Na kabla ya hayo yote, tazama nyumbani mwako. Kanga aliyovaa mama ina jina lake, kwa herufi kubwa. Alisome, kisha amuulize mama maana yake, na mama aeleze. Pakiti ya majani ya chai, kalenda ukutani, maandishi ya nyuma ya daladala. Ukimtuma dukani, usimtajie. Mwache aandike mwenyewe chumvi, kiberiti, nyanya nne, asome orodha akifika kaunta. Ujumbe wa shangazi ukiingia kwenye simu, mpe asome yeye. Mtoto akiona kwamba wakubwa wanategemea macho yake, anasoma kwa makini ambayo hakuna zoezi la shule litakalompa.

Kuna wazazi wataniuliza kuhusu Kiingereza, hasa wenye watoto katika shule zinazofundisha kwa lugha hiyo. Nitasema ninavyoamini. Nyumbani, kwanza Kiswahili. Herufi za Kiingereza hazikai na sauti moja, na mtoto anayezianza kabla hajaonja ladha ya kuelewa anaweza kuchukua miaka akitamka asichokijua. Aliyeonja kwa Kiswahili anajua kwamba maandishi lazima yaseme kitu. Akikutana na Kiingereza atadai kiseme kitu. Ada uliyolipa haitapotea kwa sababu mtoto amesoma hadithi ya Kiswahili jioni.

Basi siku moja utapita ukumbini umkute mtoto amekaa na kitabu, kimya. Midomo inacheza kidogo tu, au haichezi kabisa. Tafadhali usimwambie, soma kwa sauti nikusikie. Amefika. Kusoma kimya ndiko kusoma kwa mtu mzima, na hapo sikio lako linapumzika kidogo. Muulize tu baadaye, akipenda, kitabu kinasemaje.

Kuanzia hapo mpe uhuru wa kweli. Achague mwenyewe. Aache kitabu kilichomchosha akiwa katikati. Wewe hufanyi hivyo? Mvulana asiyetaka hadithi, mletee ukurasa wa michezo wenye habari za Simba na Yanga, uone kama hatamaliza kila mstari na kubishana na wewe juu yake. Atakaporudi kwenye hadithi atarudi na kasi. Wazazi wengine huona kwamba kusoma ni kwa ajili ya mtihani, na kitabu kisicho cha shule ni kupoteza muda. Mtoto anayesoma kwa ajili ya mtihani pekee ataacha kusoma mtihani ukiisha, na huko mbele kuna mikataba ya kazi, maelekezo ya dawa, barua za benki, vyote vikimtaka asome bila mwalimu.

Kitu cha mwisho cha kumkabidhi ni kamusi, ukiweza kuipata hata iliyotumika. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, na matoleo yake ya baadaye yanapatikana. Mtoto akikuuliza neno usilolijua, mwambie ukweli kwamba hulijui, mkalitafute pamoja. Mwanzoni atapata taabu. Atatafuta wasiochelewa kwenye herufi ya w na hatalipata. Mwache ahangaike kidogo, kisha muulize: ukiondoa cha mbele, tendo lenyewe ni lipi? Atakaa, atalivua neno kipande kimoja baada ya kingine, mpaka abaki na chelewa. Atafungua ch, atalikuta. Na mara inayofuata hatakuita.

Juma lijalo, wakati kama huu, nitajibu barua na ujumbe wenu kuhusu watoto wenye kigugumizi. Usiku mwema.